Majina ya Daftarini

Marehemu baba alikuwa karani wa shamba la mkonge kusini mwa Gazi, na hati yake ilipendeza hata watu wa Msambweni walimjia awaandikie barua za posa. Alijifunza kuandika mara mbili: kwanza chuoni kwa maalimu, kwa herufi za Kiarabu, kisha skuli, kwa herufi za Kizungu. Shambani alitumia hizi za pili. Kazi yake ilikuwa kuwaandika vibarua. Jua halijachomoza, mnyapara anaita jina, mwenye jina anaitika, na baba anatia kistari kwenye siku yake. Vistari thelathini vikijaa kwenye tikiti, mtu analipwa. Siku ambayo hukumaliza matita yako ya mkonge haikuhesabiwa, kwa hiyo mwezi wa tikiti ulikuwa mrefu kuliko mwezi wa kalenda, na aliyejua umefika wapi ni baba. Ndiyo maana watu waliomzidi umri walikuwa wakimwamkia yeye kwanza.

Wengi wa vibarua hao walikuwa Wamakonde. Kwao ni uwanda wa juu wa Mueda, kusini ya Mto Ruvuma, katika nchi iliyokuwa ya Mreno. Walianza kuonekana kwetu tangu miaka ya 1930, wakikimbia kodi na kazi ya shokoa. Walipitia mashamba ya Tanganyika, na baadhi yao wakavuka mpaka wakaingia Kwale. Wengine waliandikwa kazi huko huko wakaletwa. Huku kulikuwa na mkonge, kulikuwa na minazi, na kulikuwa na miwa ya Ramisi, ambako kiwanda cha sukari kilianza mwaka 1927. Wako waliofika Taita na Kilifi pia, lakini wengi walikaa hapa, wakajenga Makongeni na vijiji vingine vya huku Msambweni. Mkataba ulipokwisha hakuna aliyewarudisha kwao. Halafu zikaja habari za Mueda, Juni 1960, Wareno walipowafyatulia watu risasi mchana kweupe, na kuanzia 1964 vita vya kupigania uhuru wa Msumbiji. Nani angerudi?

Kisa cha majina kilianzia mezani kwa baba.

Mmakonde alipofika kuandikwa, baba alimwuliza jina. Mtu akalitaja. Baba akamwomba alirudie, akalirudia. Sauti nyingine za lugha ile hazikuwa na pa kukaa katika herufi alizofundishwa, na bwana shamba alikuwa amekwisha kumwonya kwamba jina moja likiandikwa kwa namna mbili mtu atalipwa mara mbili, na mshahara wa pili utatoka mfukoni mwa karani. Basi baba akatafuta njia. Aliyefika Ijumaa akawa Juma, aliyefika Alhamisi akawa Hamisi. Jina la baba wa mtu lilitoka popote: kwa mnyapara, kwa rafiki wa baba, hata kwa mzee mmoja wa Wasini aliyekuwa akipita kuuza tende. Alhamisi ndiyo ilikuwa siku yenyewe ya kuandika watu, na kina Hamisi wakawa wengi hata mnyapara akawaita kwa kazi zao. Kulikuwa na Hamisi wa kamba, Hamisi wa ng'ombe, Hamisi wa bomba.

Sisemi baba aliwaonea. Yeye aliamini anawafanyia hisani. “Mwenye jina la hapa haulizwi maswali,” alikuwa akisema, na kwa muda mrefu ilikuwa hivyo. Wapo walioomba wenyewe wapewe jina la Kidigo. Wapo walioifuata dini pamoja na jina, wakawa waumini kuliko sisi. Lakini wengi walilipokea jina kama walivyopokea posho ya unga, kitu cha shambani cha kumalizikia shambani.

Jirani yetu wa karibu alikuwa huyo wa bomba. Aliendesha injini ya kuvuta maji, na jioni alichonga. Tangu utoto wangu tulimwita Mzee wa Bomba. Nyumbani kwake hakukuwa na Hamisi. Mkewe alimwita kwa jina nililolisikia kila siku likivuka ua, na ambalo halikuwa kwenye karatasi yoyote ya serikali. Sitaliandika hapa. Alilitunza miaka sitini. Si haki yangu kulimwaga.

Huyo mkewe, Bibi, ndiye aliyetutisha sisi watoto mwanzoni. Uso wake ulikuwa na chale zilizopangwa kwa mistari na pembe, kazi ya fundi, na mdomo wake wa juu ulikuwa na tundu la ndona, kile kigingi walichovaa wanawake wa Kimakonde wa zamani. Ndona yenyewe alikuwa amekwisha kuivua. Tulisikia mengi juu ya watu wa ua ule, na mengine siyarudii. Nikawa nakwenda kwa siri kwa kuwa binti yao alikuwa rika langu, na kwa kuwa Bibi alipika muhogo wa nazi vizuri kuliko mama. Ila alikuwa na sharti. Kula kwake hakuombwi kwa Kiswahili wala Kidigo. Mtoto yeyote, awe wake au wa jirani, aombe kwa lugha ya nyumba ile. Kwa hiyo hadi leo Kimakonde changu ni cha sufuria na sahani: najua kuomba maji, kuomba zaidi, kukataa pilipili na kushukuru, na zaidi ya hapo sijui kitu.

Wamakonde walikuwa na mambo ambayo Wadigo walio karibu nao waliyahitaji na kuyasema vibaya kwa wakati mmoja. Nguruwe mwitu walikuwa wakitumaliza kwa kufukua muhogo. Sisi Waislamu hatumgusi nguruwe, hata maiti yake inatutia kinyaa. Wamakonde waliwasaka kwa mbwa na mikuki, wakawala. Asubuhi mwenye shamba alimpelekea mwindaji nazi mbili tatu za shukrani, na mchana akiwa barazani akamsimanga kwa kula haramu. Usiku wa mapiko, vijana wao wakitoka jandoni, ngoma zilisikika hadi baharini. Sisi wasichana tulikatazwa kukaribia, na wasichana wao vilevile, maana anayevaa kile kinyago cha kichwa hatakiwi ajulikane na wanawake. Binti yao alikuwa akimtambua mjomba wake kwa miguu. Hakusema.

Kitu kimoja kilituunganisha, na baba, mtu wa sheria ya dini, hakupenda kizungumzwe. Wadigo wa kale walihesabu ukoo kwa mama, na mali ya mtu ilikwenda kwa mpwa wake. Wamakonde nao ni hivyo hivyo. Bibi yangu mzaa mama na yule Bibi wa Kimakonde waliweza kukaa alasiri nzima wakipanga nani ni wa nani, kila mmoja akimwelewa mwenzake kuliko wanaume wao walivyowaelewa.

Uhuru ulipokuja, tarehe 12 Desemba 1963, kambi nzima ya vibarua ilicheza. Mzee wa Bomba alichonga mwenge akampa chifu. Baadaye watu wakaanza kuandikishwa vitambulisho, na walipofika mbele ya meza wakaulizwa kabila. Waliosema Mdigo, na jina la daftarini likawasaidia, wakapita. Waliosema kweli wakaambiwa wakaandikishwe kwao. Kwao wapi? Watoto wao walizaliwa hospitali ya Msambweni, wakasoma darasa moja na mimi. Msumbiji hakukuwa na karatasi inayowataja, na Kenya vivyo hivyo.

Miaka ya sabini na themanini misako ikawa mingi kwenye barabara ya Likoni na Lunga Lunga. Aliyeshushwa kwenye matatu bila kitambulisho alilala rumande, au alitoa alichonacho. Hapo ndipo lugha ilipobadili mahali pa kukaa. Zamani ilisemwa kwa sauti dukani, kisimani, popote. Sasa akina mama waliwafinya watoto wanyamaze wakipanda gari, au waseme Kidigo. Kimakonde kikarudi ndani ya ua, kikasemwa jua likizama. Nje mtu alikuwa Hamisi bin fulani, Kidigo chake safi, kofia kichwani. Ndani alikuwa mtu mwingine kabisa. Nilikua nikidhani watu wote wana majina mawili.

Kiwanda cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988, na shamba la baba lilikuwa limekufa kabla ya hapo. Wenye jembe wakalima, wenye patasi wakachonga. Vinyago vya Mzee wa Bomba vilichukuliwa na wachuuzi wa Diani, vikapangwa ufukweni pamoja na twiga na vifaru vya Wakamba, na mgeni akiuliza ni kazi ya nani anaambiwa “Makonde” kana kwamba ni jina la aina ya mti. Hakuna aliyeongeza kwamba Mmakonde aliyekichonga anakaa mwendo wa nusu saa kwa gari, na hawezi kufungua akaunti ya benki.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi wakati huo, na alasiri nikifundisha Kiswahili kwa wageni waliokaa muda mrefu Diani na Galu. Mishahara ya walimu mnaijua. Ndivyo nilivyompata muuguzi kutoka Uswidi aliyekuwa akijitolea kwenye zahanati. Mwanamke mwenye nywele nyeusi tii, pua ndefu, na subira kidogo. Siku ya kwanza tulipopita kwenye maneno ya kawaida akawa ananikatiza. Kitabu, roho, salama, malaika, saba, tisa: kila moja alilijibu kwa neno la kwao linalofanana nalo. Nikamwambia hayo tumeyapata kwa Waarabu, je, yeye ni Mwarabu? Akakunja uso. Mturuki? Akakunja zaidi. Akasema yeye ni Mwashuri, na kwao ni Tur Abdin, kusini mashariki ya Uturuki, ingawa sasa wote wako mji unaoitwa Södertälje.

Mimi Waashuri niliwajua kwa jirani zetu Wakristo na Biblia yao, na mji wa Ninawi niliujua kwa kisa cha Nabii Yunus. Nilidhani ni watu waliokwisha, kama kina Adi na Thamudi. Nilimwambia hivyo hivyo. Akacheka hadi akatoa machozi, akasema kila mwaka jamaa zake bado wanafunga siku tatu, saumu ya Ninawi, kukumbuka toba ya mji ule. Watu waliokwisha hawafungi.

Habari zake zilitoka kidogo kidogo, katika masomo ya vitenzi. Baadaye nilisoma vitabu nikazijaza. Ninawi ilianguka mwaka 612 kabla ya Kristo na dola ya Ashuru ikafa nayo, lakini watu hawakufa. Na lugha yao ina kioja chake. Wafalme wa Ashuru waliandika Kiakadi, kwa alama za kabari zilizogandamizwa kwenye vibamba vya udongo. Walikuwa na desturi ya kuhamisha watu waliowashinda, maelfu kwa maelfu, na kuwapandikiza mbali wakalime na kujenga. Wengi wa hao walisema Kiaramu. Vizazi vichache baadaye Kiaramu ndicho kilichosemwa sokoni, jeshini na ofisini; Kiakadi kikabaki kwa waandishi wachache, kisha kikafa. Lugha wanazosema Waashuri wa leo, ile ya Surayt ya akina muuguzi na ile ya Sureth ya wenzao wa Iraki na Iran, ni vizazi vya Kiaramu. Mateka waliohamishwa kwa fimbo walimshinda bwana wao kwa ulimi. Ningependa bwana shamba wetu angeisikia hadithi hiyo.

Kisha wakaingia Ukristo, mapema sana, na Kiaramu chao cha kanisani, Kisuriani, kikaandikwa vitabu kwa karne nyingi. Karibu na kwao kuna monasteri ya Mor Gabriel, iliyoanzishwa mwaka 397 na hadi leo ina watawa. Mwaka 1915, katika vita vikuu vya kwanza, wao na Waarmenia waliuawa kwa wingi na dola ya Uthmani. Mwaka 1933 wakauawa tena Simele, Iraki, na jeshi la nchi iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu tangu ipate uhuru. Mwaka uliofuata Uturuki ikapitisha sheria ya kila mtu kuwa na jina la ukoo, la Kituruki. Babu yake muuguzi alisimama mbele ya meza, karani akamtazama, akamwandikia jina. Alipofika hapo katika kusimulia, mimi nilifunga kitabu cha vitenzi nikampeleka nyumbani kwa baba.

Baba alikuwa mzee tayari, macho yameanza kufifia. Nilimtafsiria. Alisikiliza, akauliza swali moja tu: huyo karani wa Kituruki, mwandiko wake ulikuwaje? Muuguzi hakujua ajibu nini.

Nilimpeleka na kwa Bibi, kwa kuwa alitaka kuona vinyago vikichongwa. Mzee wa Bomba alikuwa na gogo la mpingo mapajani na hakuinua kichwa. Bibi alimkagua mgeni, akaniuliza kwa Kiswahili ili naye asikie, “Huyu kabila gani?” Muuguzi akajaribu kujibu mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha miezi michache: ni Mwashuri, watu wengi, nchi hatuna. Bibi akatikisa kichwa. “Basi mwenzetu. Ila wewe una pasi.”

Ilikuwa kweli. Wenzake wa kwanza waliofika Uswidi, mwaka 1967, walikuwa Waashuri wapatao 200 kutoka Lebanon, wasio na uraia wa nchi yoyote. Uswidi iliwapokea ikawapa karatasi. Kizazi kimoja baadaye walikuwa na makanisa, vyama, na ugomvi mkubwa juu ya jina lao wenyewe. Wengine wanasema sisi ni Waashuri, wengine sisi ni Wasuriani, na kila upande umeanzisha klabu yake ya mpira, Assyriska na Syrianska, katika mji huo huo mmoja. Zikicheza wao kwa wao, alisema, ndugu hawasemezani wiki nzima. Nilimwambia asihuzunike. Hata hili jina la Mijikenda, tunalolitaja leo kana kwamba lilishuka na mvua, lilishika miaka ya 1940. Kabla ya hapo watu wa pwani walituita Wanyika, na hatukulipenda.

Nilimsimulia pia habari za Wasegeju, maana alitaka kujua lugha ngapi zimekufa huku. Wasegeju wapo kusini mwa Kwale na ng'ambo ya mpaka, watu wenye historia ndefu na heshima zao. Wavumba wa Vanga na Wasini hawasimulii habari zao za kale bila kuwataja. Lugha yao ya zamani ni jamaa ya Kikamba na Kigikuyu, na iliyobaki nayo ni jamii ndogo ya Wadhaiso kule Bwiti, upande wa Tanga. Wasegeju wa pwani wanasema Kiswahili na Kidigo. Yaani Wasegeju walibaki na jina wakapoteza lugha; Wamakonde walibaki na lugha wakapoteza majina. Muuguzi akasema kwao vyote viwili vinaumwa.

Mwaka 1997, baada ya vurugu za Agosti kule Likoni, wageni walikatika, naye akaondoka. Tuliandikiana barua, baadaye simu.

Mzee wa Bomba alikufa hajawahi kuwa raia wa nchi yoyote. Baba alimtangulia kidogo. Shamba lilipofungwa karatasi zote zilichomwa kwenye shimo, lakini baba alikuwa amebeba madaftari mawili nyumbani, kwa sababu yalikuwa na kurasa tupu nyuma na hakupenda karatasi ipotee. Yalilala darini kwetu na hesabu zake za nazi.

Ndipo ikaja Katiba ya 2010, na sheria ya uraia ya mwaka 2011. Sheria hiyo ilifungua mlango: mtu asiye na nchi, aliyeishi Kenya mfululizo tangu 12 Desemba 1963, na watoto wake, anaweza kuandikishwa kuwa raia. Muda ulikuwa miaka mitano. Miongoni mwa masharti, awe anajua Kiswahili vya kutosha, au lugha ya kienyeji. Niliisoma mara ya pili. Watu wale walisema Kiswahili kuliko waliowahoji! Na je, Kimakonde kilichosemwa Makongeni tangu kabla sijazaliwa ni cha kienyeji au si cha kienyeji? Nilimwuliza afisa mmoja, akanitazama kama mtoto mtundu.

Kigumu kilikuwa kuonyesha kwamba ulikuwapo 1963. Mapema mwaka 2016, mlango huo ukikaribia kufungwa, Bibi alikuja kwangu na mjukuu wake wa kike. Alikuwa ameshapita miaka themanini, ameshika fimbo, chale za uso zimezama kwenye makunyanzi. Mjukuu alisema, “Mwalimu, tumesikia marehemu Mzee aliacha vitabu vya kambi.” Nikapanda darini.

Daftari la 1958 lilikuwa zima. Mwandiko wa baba uling'aa. Tukatafuta Hamisi, tukapata safu ya akina Hamisi, watatu kati yao bin Salimu, kama alivyoandikwa Mzee wa Bomba. Yupi ni wake? Mjukuu akakata tamaa hapo hapo. Karatasi ya kuthibitisha kwamba babu yake alikuwapo ilithibitisha kuwapo kwa mtu mwingine.

Kisha nikaona ukingo wa kurasa. Pembeni ya kila mstari, kwa kalamu nyembamba, baba alikuwa ameandika neno jingine kwa herufi za Kiarabu, dogo sana. Nilidhani ni hesabu zake. Nikavaa miwani. Yalikuwa majina. Aliwabadilisha kwa ajili ya bwana shamba, na kwa ajili yake mwenyewe, ili asiwachanganye kina Hamisi, akayaandika majina yao ya kweli kama alivyoyasikia, kwa herufi ambazo bwana shamba hakuzijua.

Lakini aliyaandika kwa haraka, bila irabu. Mimi nilizisoma herufi, zikawa mifupa mitupu. Neno moja lingeweza kuwa majina matano. La Mzee wa Bomba nililijua tangu utoto, hilo halikunisumbua. Nikaanza na la juu yake, nikataja herufi moja moja. Bibi, aliyekuwa amefumba macho nikidhani amelala, akalitamka jina zima. Nikataja la pili, akalitamka. Huyu alikuwa mpiga ngoma. Huyu alirudi kwao akafa vitani. Huyu ni wa mama mdogo. Tulikwenda hivyo hadi adhuhuri, mimi nikisoma na Bibi akitia irabu, na mjukuu akiandika kwa herufi za Kizungu, akiuliza kila mara, “Hilo linaandikwaje, Bibi?” kwa Kiswahili. Bibi hakujua kuandika. Mjukuu hakujua lugha zaidi ya mimi.

Kwenye kikao cha wazee wa uhakiki mmoja tu alisoma chuoni, akathibitisha kwamba yale ni majina. Afisa akasema pembeni ya daftari si hati ya serikali. Alikuwa na haki yake, sheria haitaji pembeni.

Kilichofungua mlango mwishowe ni miguu. Oktoba 2016 Wamakonde wa Kwale walianza safari kwenda Nairobi, wengine kwa mguu, vijana kwa wazee, wakazuiwa njiani, wakaendelea. Mjukuu alikwenda, Bibi alimpa khanga na muhogo mkavu. Tarehe 13 Oktoba wakaonana na Rais Uhuru Kenyatta Ikulu, akaamuru wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha. Mwanzoni mwa 2017 vikaanza kutolewa, na Wamakonde wakatangazwa kabila la 43 la Kenya. Baada yao walikuja Washona, kisha Wapemba mwaka 2023. Bibi aliigeuza kadi yake mbele na nyuma, akauliza inanunua nini. Mjukuu akamjibu inanunua laini ya simu. Wakaenda Ukunda kesho yake, akasajiliwa M-Pesa.

Nilimpigia muuguzi kumweleza. Alifurahi, kisha akaniuliza watoto wao wanasema nini nyumbani. Nikamwambia Kiswahili na Kidigo, maana sasa hakuna wa kuwatisha, na hakuna wa kuwanyima chakula. Akasema kwao wana runinga na wana walimu wa lugha ya mama katika shule za serikali, na mjukuu wake anamjibu Kiswidi. Bibi alifariki mwaka uliofuata. Waliomzika walisoma dua kwa Kiarabu na kutoa mawaidha kwa Kidigo. Mzee mmoja, wa mwisho kutupa udongo, alisema maneno machache ambayo mimi, wa sufuria na sahani, sikuyaelewa.

Lililobaki sasa ni la majina yenyewe. Yule mjukuu wa kike alichukua kitambulisho kwa jina la daftarini, kwa kuwa vyeti vyake vya shule ni vya bin Salimu na hakutaka kuanza upya. Mdogo wake wa kiume alikataa. Alichukua lile la pembeni, la babu, lililotiwa irabu mezani kwangu. Tumbo moja, koo mbili. Mwaka huu wanafuatilia hati ya kiwanja alichokaa babu yao tangu kabla ya uhuru, na ofisi ya ardhi inasema hawa si ndugu. Wakili ametaka shahidi aliyeijua familia kabla ya 1963, na waliobaki ni wachache. Jumatatu napanda matatu kwenda Kwale mjini kula kiapo. Nimeambiwa nije na kitambulisho changu na lile daftari, na mtu wa kusoma Kiarabu kama nitampata.